Kununua nyumba bila avoka: watu kumi kwenye veranda, hakuna anayemlinda mnunuzi

Mambo yanapita siku ya jumamosi, mara nyingi asubuhi, kwenye veranda ya muuzaji. Viti vya plastiki vinapangwa. Kuna muuzaji na ndugu yake mmoja, mnunuzi na bibi yake, komisyonere aliyewakutanisha, chifu wa avenii, mashahidi wa huku na wa kule. Dola zinahesabiwa mara mbili, noti iliyopasuka kidogo inarudishwa na kubadilishwa. Hati ya mauzo iliyopigwa kwa Kifaransa kwenye sekretaria ya kando ya barabara inasomwa mbiombio, watu wanatia sahihi, wanapiga picha kwa simu, soda na bia zinafunguliwa. Mnunuzi anarudi kwake na karatasi mbili tatu ndani ya bahasha, na usiku anamwambia bibi yake: leo sisi ni wenye nyumba.

Kisheria, bado.

Mkaaji yeyote wa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia amekwisha kuhudhuria mkutano wa namna hiyo. Hesabu watu waliokaa pale. Komisyonere analipwa siku biashara inafungwa; ikikwama, hapati kitu. Chifu wa avenii anapewa chake kwa ajili ya sahihi na mhuri. Mashahidi wameitwa kusema kwamba waliona pesa ikipita toka mkono mmoja kwenda mwingine, basi. Muuzaji anataka pesa yake. Katika watu hao wote, hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ya siku ile ni kumlinda yule anayetoa akiba ya miaka kumi na mitano. Avoka ataitwa, ndiyo, lakini miaka miwili ao mitatu kisha, wakati mtu mwingine amefika mbele ya lango na karatasi nyingine yenye namba ya parsele ileile.

Wakati huo avoka anakuwa wa kuzima moto. Bei yake inapanda, kesi inatembea toka tribinali hadi korti ya rufaa, na familia inalala ndani ya nyumba ambayo haijui kama mwaka ujao itakuwa yake. Habari hii inaeleza kazi ambayo avoka huyohuyo angefanya kabla ya jumamosi ile, kwa siku chache na kwa pesa kidogo kuliko ile ya kesi.

Udongo ni wa Serikali

Kwanza tuelewane juu ya kitu kinachouzishwa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema kwamba udongo wote wa Congo ni mali ya Serikali, na mali hiyo haiuzishwi. Raia anapewa haki ya kuutumia, haki inayoitwa konsesio. Mkongomani anaweza kupewa konsesio ya milele. Mgeni anapewa ya muda. Kwa hiyo mtu akinunua nyumba Himbi ao Nyalukemba ananunua vitu viwili kwa mara moja: jengo, na haki ya muuzaji juu ya udongo ulio chini ya jengo. Kama muuzaji hana haki hiyo, mnunuzi amelipia matofali na mabati yaliyosimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine.

Haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja: setifika ya uandikishaji inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi, ile ambayo watu wanaita setifika kwa ufupi. Kifungu cha 219 cha sheria hiyo kiko wazi. Hata jengo lenyewe, umiliki wake unatambuliwa kwa kuandikwa juu ya setifika. Karatasi nyingine zote ni hatua za njiani.

Shida ni kwamba katika miji yetu wengi wanauzishiana kwa kutumia hatua za njiani. Fishi ya parsele inayotolewa katika kartie ao komine inaonyesha nani anakaa pale, haimfanyi kuwa mwenye pale. Kontra ya lokasio na Serikali ni haki ya muda, inayompa mtu wakati wa kujenga kabla hajapewa konsesio; asipotimiza masharti yake, Serikali inaweza kumnyang'anya. Mtu akinunua kontra ya lokasio kwa bei ya setifika, amelipia nyumba na kupewa tumaini. Lakini karatasi hizi zote zina mihuri, zina rangi, zina sahihi kubwa chini, na kwetu mhuri unaheshimiwa kuliko maandishi yenyewe. Msomi wa shule ya sekondari anaweza kushika kontra mkononi na kuamini kabisa kwamba ni setifika. Avoka anatofautisha kwa kutupa jicho moja.

Na hapa neno la pembeni kuhusu lugha. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, wengi wanasema «kuuza» kwa maana ya kununua, na «kuuzisha» kwa maana ya kutoa mali upate pesa. Mtanzania anaelewa kinyume. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili bila uangalifu inaweza kuleta mabishano juu ya nani alitoa na nani alipokea. Ile ya Kifaransa, mnunuzi mara nyingi anatia sahihi bila kufahamu kila mstari. Kumlipa mtu akusomee mstari kwa mstari, na akueleze kwa lugha unayoota nayo, hiyo peke yake ni faida.

Safari ya kwa konservatere

Kazi ya kwanza ya avoka haionekani. Anachukua kopi ya setifika, anaangalia namba ya volimu na ya folio, kisha anaenda katika ofisi ya konservatere kulinganisha na kitabu cha uandikishaji. Setifika ya uongo inaweza kuwa nzuri sana kwa macho. Kitabu ndicho kinachosema kama folio ile ipo, kama ina jina la muuzaji, kama ukubwa wa parsele ni uleule. Anapita pia kadastri kuona ramani na alama za mipaka, kwa sababu inatokea nyumba moja iko sawa kwenye karatasi lakini ukuta wake umeingia mita tatu kwa jirani.

Goma mambo ya mipaka yana uzito wa pekee. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika mitaa mizima katikati ya mji, ikafunika na alama za parsele. Watu walirudi kujenga juu ya mawe meusi kwa kukumbuka, mwingine kwa kupima na hatua za miguu. Mwaka 2021 lava ikashuka tena upande wa Buhene, katika teritware ya Nyiragongo. Anayenunua kwenye sehemu hizo bila kuomba vipimo vipya vya kadastri ananunua kumbukumbu za muuzaji. Bukavu, swali linakuwa la milima: je, mahali hapo Serikali inaruhusu kujenga? Si ni pembeni ya mto, ao mahali pa barabara, ao sehemu iliyokatwa toka uwanja wa shule? Mtu anaweza kupata karatasi juu ya eneo la watu wote, na siku ya kubomoa, tingatinga haliangalii karatasi.

Juu ya setifika kunaandikwa pia mizigo inayobebwa na nyumba. Ule mkubwa ni rehani, wanayoita ipoteki. Kama muuzaji alichukua mkopo benki na kuweka nyumba dhamana, mkopo ule hauendi naye akihama. Unabaki umeshikamana na nyumba, na benki inaweza kuifuata hata mikononi mwa mnunuzi asiyejua kitu. Mwenye nyumba anaweza kuonyesha kopi ya zamani, ya kabla ya mkopo. Kitabu cha konservatere hakina kopi ya zamani.

Kisha avoka anapita kwenye grefi ya tribinali. Anauliza kama parsele ile ina kesi. Hiyo ni hatua ambayo wanunuzi karibu wote wanairuka, labda kwa sababu hakuna anayependa kuingia tribinali akiwa hana shida. Lakini nyumba yenye kesi ndiyo ambayo muuzaji anaharakisha kuuzisha, na bei inashuka ghafula. Komisyonere atasema bei imeshuka kwa sababu mwenyewe anasafiri.

Bibi, watoto na yule aliye Ulaya

Hata hivyo, ukiuliza watu wa tribinali, kesi nyingi za nyumba hazianzi na setifika ya uongo. Zinaanza ndani ya familia.

Tuchukue mfano ambao kila kartie inao. Mzee ana nyumba kwa jina lake. Ana bibi, wamefunga ndoa. Siku moja anauzisha, anapokea dola zake, anatia sahihi peke yake. Wanunuzi wanaona ni sawa: setifika ina jina la bwana, bwana ametia sahihi. Lakini Kanuni ya Familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, katika kifungu chake cha 499 inadai kwamba mume na mke wote wawili wakubali kabla nyumba haijauzishwa, iwe mali yao wote wawili ao ya mmoja wao. Mama aliyekuwa sokoni siku ya jumamosi ile anaweza kwenda tribinali na kuomba mauzo yafutwe. Na ana haki. Mwandishi wa habari hii hawezi kumlaumu: ni nyumba ambamo alizalia watoto.

Avoka anayejua kazi yake anauliza mapema karatasi ya ndoa, ao karatasi kwamba mtu hajaoa, na anataka bibi akae kwenye meza, atie sahihi yake mwenyewe mbele ya watu. Anauliza pia juu ya ndoa ya kimila na bibi wa pili wa kule kijijini, maswali ambayo mnunuzi mwenyewe anaona haya kumuuliza mzee. Kwetu, mtu mdogo hamuulizi mkubwa habari za bibi zake. Avoka analipwa kuuliza.

Kifo kinaongeza ugumu. Baba akifa, mali inaenda kwanza kwa watoto: kundi la kwanza la warithi ni watoto wote wa marehemu, waliozaliwa ndani ya ndoa na hata nje ya ndoa ikiwa aliwatambua angali hai, wavulana na wasichana bila tofauti. Wanagawana robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake wana sehemu yao. Juu ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba alimokuwa akiishi na mume wake. Sasa fikiri kijana mkubwa wa familia anakuja kukuuzishia nyumba ya baba. Anasema: mimi ndiye mkubwa, wadogo wananisikiliza. Labda wanamsikiliza kweli. Lakini mmoja yuko Kampala, mwingine ana miaka kumi na tatu, na kuna msichana huko Uvira ambaye baba alimtambua na familia haipendi kumtaja.

Ukinunua kwa kijana huyo peke yake, unanunua sehemu yake. Sehemu za wengine, Kanuni ya Mikataba ya mwaka 1888 ambayo bado inatumika inasema kwamba mauzo ya kitu cha mtu mwingine ni batili. Yule mwenye miaka kumi na tatu atafikisha kumi na nane. Atakuja kukuuliza, na wewe wakati huo umeongeza ghorofa.

Ndiyo sababu avoka anadai karatasi ya kifo, orodha ya warithi, maandishi ya tribinali yanayomtambua msimamizi wa urithi, sahihi za warithi wote wenye umri, na kwa watoto wadogo, ulinzi ambao sheria inaweka. Inachukua wiki kadhaa. Wauzaji wengine wanakasirika na kumwendea mnunuzi mwingine asiyeuliza maswali. Hapo usisikitike.

Kuna na mauzo kwa prokirasio. Mwenye nyumba yuko Ubelgiji ao Kanada, amemtuma shemeji yake amuuzishie. Prokirasio ya kusema «amsimamie mambo yangu» haitoshi kuuzisha nyumba. Lazima iseme waziwazi kwamba anapewa uwezo wa kuuzisha, na nyumba ipi. Na mwenye kuitoa akifa, prokirasio imekufa naye, hata kama shemeji bado anaibeba mfukoni. Avoka anaomba kuongea na mwenyewe kwa video, anaangalia notere ao ubalozi uliothibitisha sahihi, anauliza tarehe. Simu moja tu inaweza kuokoa dola elfu thelathini.

Wengine wanasema: akinidanganya, nitamfunga. Ni kweli, kuuzisha nyumba isiyo yako ni kosa la jinai linaloitwa stelionati, na linaweza kumpeleka mtu jela. Lakini jela hairudishi pesa. Muuzaji aliyekwisha kula dola zako anaweza kukaa ndani huku wewe ukilipa nyumba ya kupanga.

Kabare, Nyiragongo na ardhi ya machifu

Miji yetu inapanuka kuelekea mashamba. Mtu wa Bukavu anatafuta kiwanja upande wa Kabare, mtu wa Goma anapanda kuelekea Kibati. Huko anayeuzisha hana setifika, ana historia: babu alipewa na chifu. Bushi watu wanajua tofauti kati ya kalinzi na bwasa. Kalinzi, ambayo zamani ilitolewa kwa ng'ombe, inampa mtu ardhi ya kuachia watoto wake, ikiwa uhusiano na chifu umeheshimiwa. Bwasa ni ya kulima kwa muda, inarudi kwa mwenyewe. Mnunuzi wa mjini aliyekulia Kadutu hajui kuuliza kama shamba analoonyeshwa ni la kalinzi ao la bwasa, na muuzaji hana haraka ya kumwambia.

Huko ndiko shamba moja linauzishwa mara tatu: na mkulima anayelilima, na chifu anayesema ni la kwake, na mwenye konsesio wa zamani ambaye plantasio yake ilikauka miaka mingi lakini karatasi zake bado ni nzima. Kabla Serikali haijatoa konsesio juu ya ardhi ya namna hiyo, sheria inataka uchunguzi mahali penyewe, kuhakikisha haina wenyewe, na majirani wasikilizwe. Avoka mzuri hafanyi kazi hii ofisini. Anavaa viatu vya matope, anaenda kuuliza wazee wanaokaa kando ya shamba. Asipotaka kwenda, tafuta mwingine.

Tangu vita ibadili maofisi

Hatuwezi kuandika juu ya nyumba Kivu na kuruka jambo hili. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na Februari ikawa zamu ya Bukavu. Watu wengi walikimbia, wengine wanauzisha wakiwa mbali kwa sababu wanahitaji pesa ya kula. Nyumba zinatolewa kwa bei ambayo haikujulikana mbele. Mnunuzi anayeona nafasi nzuri ajiulize: karatasi hii ilitiwa sahihi na nani, lini, na ofisi ya upande gani? Wazee hawajasahau hati zilizotolewa wakati wa RCD, kati ya 1998 na 2003, na mabishano yaliyofuata. Avoka hawezi kujua vita itaishaje. Anaweza kukushauri kuchelewesha, kuandika masharti katika hati, ama kusimamisha malipo ya sehemu fulani hadi ofisi inayotambuliwa ifanye kazi yake. Anaweza pia kukwambia usinunue. Ushauri wa namna hiyo ndio mgumu zaidi kulipia, na labda ndio wenye faida zaidi.

Pesa inatoka lini, jina linabadilika lini

Hapa ndipo wanunuzi waliofanya vizuri mpaka sasa wanaanguka. Wamehakikisha setifika, familia yote imetia sahihi, pesa imelipwa. Wanaweka hati ya mauzo ndani ya sanduku na hawaendi kwa konservatere, kwa sababu mutasio, yaani kubadilisha jina kwenye setifika, ina malipo yake na njia yake ni ndefu. Wanasema: nitafanya mwaka ujao.

Mwaka ujao muuzaji bado ana jina kwenye kitabu. Mbele ya sheria ya ardhi, haki inahama kwa kuandikishwa. Muuzaji mbaya akiuzisha mara ya pili kwa mtu mwenye haraka, na mtu huyo akapata setifika mpya kwa jina lake, wewe mwenye hati ya kwanza unaingia vitani ukiwa na silaha ndogo. Tena kwa kawaida setifika ikipitisha miaka miwili bila kupingwa inakuwa ngumu sana kushambulia, na anayelalamika anaweza kubaki na kudai fidia tu. Kuna watu wamelala miaka miwili hiyo bila kujua kwamba saa inatembea.

Kwa hiyo avoka anapanga malipo kufuatana na karatasi. Sehemu inatolewa siku ya kutia sahihi, nyingine notere akithibitisha hati, na iliyobaki setifika mpya ikitoka. Pesa inapita benki, ili iache alama, ao kwa risiti zilizoandikwa sawasawa. Hati inataja nani analipa mutasio, nani analipa kodi na deni za maji na umeme za nyuma, siku gani wapangaji wanatoka, na muuzaji atarudisha nini ikiwa mwenye haki mwingine atatokea. Mistari hiyo haimo kamwe katika hati za sekretaria ya kando ya barabara, ambazo zote zinafanana kwa kuwa zinatoka kwenye kompyuta moja, jina tu ndilo linabadilishwa. Niliwahi kuona moja ambayo walisahau hata kubadilisha jina la kartie.

Avoka naye ni mtu

Tusimfanye avoka kuwa malaika. Wako ambao ni makomisyonere waliovaa toge: wanakutafutia nyumba, wanakuandikia hati, wanapokea asilimia toka kwa muuzaji. Avoka wa muuzaji anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini ni wa muuzaji. Akikwambia «msipoteze pesa, nitawafanyia wote wawili», mshukuru na uende kutafuta wako. Notere pia si avoka wako. Yeye anathibitisha kwamba hati imefanywa mbele yake na walioitia sahihi ni wenyewe. Hana kazi ya kukwambia kama umenunua vibaya.

Kazi ya avoka imepangwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, na kila avoka ameandikwa kwenye baro yake. Nenda uulize baro kama jina lake limo, na kama hajasimamishwa. Pembeni ya maavoka kuna watetezi wa tribinali, ambao nao wanatambuliwa na sheria hiyo. Wengine wanajua ardhi vizuri kuliko maavoka wa majina makubwa. Uliza ni kesi ngapi za parsele amefanya. Malipo mkubaliane mbele, kwa maandishi: je, ni bei moja kwa kazi nzima, ao kwa kila hatua? Safari za kwa konservatere zimo? Mutasio imo? Mtu asiyetaka kuandika bei yake mwenyewe, hati yako ataiandika namna gani?

Kwa asiyekuwa na uwezo, mabaro yana ofisi ya ushauri wa bure kwa maskini. Wengi wanafikiri ofisi hiyo ni ya wafungwa tu. Mjane anayetaka kununua kachumba kamoja Ndosho kwa pesa ya likelemba anaweza kupiga hodi pale na karatasi zake. Na kama hata hilo linashindikana, saa moja ya ushauri kwa avoka yeyote mwenye ujuzi, kabla ya kutoa dola ya kwanza, bado inawezekana kwa mtu anayeweza kununua nyumba.

Ukienda, beba kopi ya setifika ao karatasi yoyote muuzaji aliyokupa, karatasi yake ya uraia, namba ya parsele, jina la avenii, na majina ya majirani wa pande zote nne. Usimpe muuzaji arhamu, hata ile ndogo ya «kunishikia nyumba», mpaka avoka arudi toka kwa konservatere. Muuzaji atakwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho na pesa taslimu. Mwache aje.